Samaki hajivui gamba

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwandishi chipukizi wa habari za sanaa hapa Tanga, nakaa Makorora. Mwezi uliopita niliandika kuhusu kikundi cha taarabu cha mtaani kwetu. Wamebadili sare, wameacha akodiani wamechukua kinanda cha umeme, na nusu ya waimbaji ni wapya. Kichwa cha habari kilikuwa "Kikundi chajivua gamba". Nilidhani nimewasifu. Kesho yake kiongozi wao, mama mtu mzima, akanipigia simu: "Umetuita nyoka." Bibi yangu naye akasema gamba ni la samaki, na samaki hajivui. Mhariri wangu anasema mbona magazeti yote huandika hivyo. Je, nimekosea? Msemo huu umetokea wapi hata ukaenea kwenye siasa na sanaa? Na gamba na kujigamba ni ndugu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kiswahili hukukosea. Ulimvisha mtu nguo ya mtumba bila kuuliza ilivaliwa na nani kabla yake. Kiongozi wa kikundi ana haki ya kukasirika, bibi yako ana haki ya kushangaa, na mhariri wako naye hasemi uongo, maana msemo umeandikwa kweli, tena sana. Tatizo ni kwamba kila mmoja wao ukimtajia gamba anaona lake.

Tuanze kwa bibi, maana ndiye mkubwa. Kwa mtu aliyekulia pwani, ukisema gamba bila kuongeza neno, linalokuja kichwani ni la samaki. Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi, vyombo vikishashusha, usimame pale wanapopara samaki (wako wanaosema kupaa, wote sawa). Mparaji kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yake ubao uliolowa, mkononi kijiti kilichopigiliwa vifuniko vya soda. Anamshika pono mkia kwa kitambaa asimteleze, kisha anakwangua kutoka mkiani kwenda kichwani, kinyume na magamba yalivyolala. Akianzia kichwani kijiti kitapita juu juu kama mkono juu ya hariri na hakitang'oa kitu. Magamba ya pono ni makubwa, kama ukucha wa kidole gumba, na yanaruka. Yanamganda mparaji mikononi, kwenye kilemba, kwenye nyusi. Na wewe uliyesimama tu kusubiri samaki wako utapanda daladala ukijiona msafi, hadi abiria wa pembeni akubandue moja shingoni na kukuuliza samaki leo bei gani.

Sasa angalia nani anafanya nini hapo. Samaki ameshakufa. Anayemtoa magamba ni mtu mwingine, na nia yake ni kumla. Akiwa hai baharini, gamba halimtoki kwa hiari yake. Hukua pamoja naye, likijiongezea duara juu ya duara kama shina la mti, na likibanduliwa na wavu huota jingine pale pale. Kwa hiyo bibi aliposema samaki hajivui hakuwa anatania. Alikuwa anakusomea sarufi. Katika Kiswahili cha jikoni kwake, gamba halichukui "ji".

Na ni hiyo "ji" yako iliyompeleka kiongozi wa kikundi kwa nyoka moja kwa moja. Anayejivua gamba ni nyoka. Mjusi naye hujivua, lakini nani anamkumbuka mjusi? Nyoka tulikatazwa hata kumtaja jina usiku. Tuliambiwa tuseme "kamba", asije akadhani ameitwa.

Nilipokuwa mdogo, kijijini upande wa Tongoni, babu alikuwa akibadilisha makuti ya paa. Akavuta kuti moja kuukuu na gamba likateremka nalo, refu, jepesi, linang'aa kama karatasi iliyopakwa mafuta. Tulikusanyika. Babu alilinyoosha sakafuni akalipima kwa mikono, pima moja na shibiri. Tukaona hata matundu ya macho yamefunikwa na kitu chembamba kama kioo. Mimi nikafurahi, nikasema nyoka kaondoka, kaacha nguo yake. Babu akanitazama kwa huruma. "Kakua," akasema. "Na yumo." Usiku ule tulilala uani.

Babu alikuwa sahihi kuliko wasemaji wengi wa majukwaani. Ngozi ya juu ya nyoka haitanuki kadiri mwili unavyokua. Mwili ukiongezeka koti linabana, na chini yake jipya linakuwa limeshaandaliwa. Siku chache kabla ya kujivua, macho yake hufunga ukungu wa rangi ya samawati, maana hata jicho lake lina kifuniko cha gamba. Siku hizo haoni vizuri, na wanaowajua watakwambia ndizo siku za kukaa naye mbali. Kisha husugua mdomo kwenye jiwe au boriti mpaka ngozi ichanike midomoni, akatoka humo akiigeuza ndani nje kama mtu avuavyo soksi. Nyoka mdogo hujivua mara nyingi kuliko mzee kwa sababu anakua haraka. Katika habari yote hiyo hutaona toba wala usafi. Aliyetoka ni nyoka yule yule, ameongezeka tu.

Shika hilo, tuingie kwenye siasa.

Tarehe 5 Februari 2011 CCM, chama tawala, iliadhimisha miaka 34 tangu izaliwe mwaka 1977 vyama vya TANU na ASP vilipoungana. Ilikuwa miezi michache baada ya uchaguzi wa Oktoba 2010, ambao kura za urais za chama hicho zilishuka kutoka asilimia 80 za mwaka 2005 hadi sitini na kitu. Kwenye sherehe hizo Dodoma mwenyekiti wake, Rais Jakaya Kikwete, alisema chama hakina budi kujivua gamba. Aprili sekretarieti ikajiuzulu. Katibu Mkuu Yusuf Makamba, mtu wa mkoa wetu huu, akampisha Wilson Mukama, na Nape Nnauye akawa katibu wa itikadi na uenezi. Yeye ndiye aliyeutembeza msemo mikutanoni hadi ukawa wimbo. Julai Rostam Aziz akajiuzulu ubunge wa Igunga na nyadhifa zake za chama, akisema amechoshwa na "siasa uchwara", na Oktoba 2 watu wa Igunga wakapiga kura upya.

Waandishi tuliupenda msemo ule kama watoto wanavyopenda mvua ya kwanza. Ulikuwa mfupi, una picha, hauhitaji kufafanuliwa. Kumbe ulihitaji. Ukishasema chama kinajivua gamba, msomaji haulizi chama kitafanya nini. Anauliza gamba ni nani. Maana gamba hapo haliwezi kuwa kitu. Chama ni watu, basi na gamba lake ni watu. Msemaji alikuwa na fumbo, na fumbo lisilofumbuliwa humpa kila mtu ruhusa ya kulifumbua atakavyo. Kila gazeti likaanza kutafuta majina. Wenye majina nao wakaanza kusema "gamba si mimi", na hakuna anayesema hivyo bila watu kumgeukia.

Mimi mwenyewe liliniunguza. Nilikuwa mhariri wa zamu katika gazeti ambalo sitalitaja. Mwenyekiti wa ushirika mmoja alijiuzulu kwa hiari, kwa barua, wanachama wakampigia makofi. Nikaandika "Mwenyekiti ajivua gamba". Safu ilikuwa nyembamba, herufi zikazidi mbili. Saa tano usiku, mtambo unasubiri, nikafanya kile ambacho mhariri aliyechoka hufanya: nikaikata "ji". Asubuhi Tanga ikasoma: "Mwenyekiti avua gamba."

Pengine kwa msomaji wa bara ni kosa dogo la chapa. Hapa kwetu kuvua ni kuvua nguo, na kuvua ni kuvua samaki. Basi mwenyekiti ameshinda baharini kutwa nzima na mshipi wake, jua linamchoma, karudi na nini? Gamba. Hata samaki mwenyewe hakumpata. Wavuvi walicheka wiki nzima. Mwenyekiti, ambaye ni muungwana, alinitumia ujumbe mmoja tu: "Siku ile bahari ilichafuka." Tangu hapo sijakata silabi kwenye kitenzi bila kukisoma kwa sauti mara mbili, na nakushauri nawe ufanye hivyo. Kiswahili kimeweka mambo makubwa kwenye vipande vidogo. Ajivua, avua, avuliwa, avuana: wa kwanza kajitakia, wa pili anamfanyia mwingine, wa tatu kafanyiwa, wa nne sijui niseme nini na gazeti la familia.

Vitenzi hivyo viwili vya kuvua vinafanana kwa sauti tu. Kila kimoja kina ukoo wake. Kuvua samaki hakuna kinyume chake. Kuvua nguo kuna kuvaa, na hapo ndipo wapinzani walipochimba. Mwaka 2012 Chadema walizunguka nchi na kaulimbiu "Vua gamba, vaa gwanda". Gwanda ni neno la zamani, vazi fupi pana la juu, lakini siku zile lilimaanisha zile kaki walizovaa mikutanoni. Siandiki haya kwa mapenzi ya chama chochote. Nayaandika kama fundi seremala anayepita mbele ya mlango wa mwenzake akasimama. Isikilize: vua, vaa, gamba, gwanda. Irabu moja imebadilika upande huu, konsonanti mbili tatu zimepishana upande ule, na yote manne yanaishia kwa pumzi ile ile. Hakuna neno la kuondoa.

Halafu angalia walichokifanya kwenye sarufi. Mwenyekiti wa CCM alisema chama kijivue gamba: chama ni mwili, gamba ni wachache. Kaulimbiu ikaing'oa "ji" na kumwamrisha mtu: vua. Papo hapo chama kizima kimekuwa gamba, na mwili ni wewe mwanachama unayeambiwa ukivue. Nadhani hakuna aliyekaa mezani akapanga hivyo kwa kalamu. Lugha yenyewe ilikuwa na mlango wazi, wakapita.

Kutoka hapo "magamba" likawa jina la watu kwenye vijiwe. Na hapa kuna jambo dogo ambalo hulikuti kwenye vitabu vya darasani. Mtu, hata jina lake likianza kwa ma-, tunampatanisha kama mtu: makarani wamefika, mabalozi wamefika. Kijiweni ungesikia kijana anasema "magamba yamekuja". Ile "ya" ndiyo tusi lenyewe. Angesema "magamba wamekuja" ingekuwa utani wa watani wa jadi. Aliposema "yamekuja" alikuwa amewatoa kwenye ngeli ya watu akawatupa kwenye ngeli ya maganda na makopo.

Ukitaka kuona kwa nini gamba liligeuka likamuuma aliyelishika, lilinganishe na maneno mawili mengine yaliyotoka kwenye midomo ya marais. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 alitupa kung'atuka, neno la Kizanaki. Sisi wa pwani hatukuwa na picha yoyote ya neno hilo. Lilitufikia tupu, likajazwa na tendo lenyewe tuliloliona: mkubwa kaondoka kwa hiari. Hadi leo ni neno safi, huwezi kulivuta mkia likageuka kukung'ata.

La pili ni jipu. Tarehe 20 Novemba 2015, akilizindua Bunge la 11 Dodoma, Rais John Magufuli alizungumzia kutumbua majipu. Jipu kila mtu analijua. Hakuna ambaye halijawahi kumkosesha usingizi. Lakini tazama kitenzi. Jipu laweza kupasuka lenyewe, kutumbua kunataka kidole cha mtu. Hakuna "ji" hapo. Kuna anayetumbua na kuna anayetumbuliwa, na mhariri wa zamu anapata kichwa cha habari cha maneno mawili: mkurugenzi atumbuliwa. Kinaingia kwenye safu yoyote, hata ile nyembamba iliyoniponza mimi. Ndiyo maana neno lilidumu. Baada ya mwaka mmoja kocha akifungwa mechi tatu alitumbuliwa, msichana akiachwa alitumbuliwa, na hakuna aliyekuwa akiona usaha tena. Picha ilikufa, neno likaishi.

Gamba halikupata bahati hiyo upande wa siasa. Kitenzi chake kinamtaka mhusika ajiondoe mwenyewe, na waandishi tukasubiri weee. Kichwa cha habari hakiwezi kusubiri. Kwa hiyo msemo ukahamia kwenye kurasa za burudani, ambako una kazi halali: mwanamuziki kabadili mtindo wa nywele, kajivua gamba, mwigizaji kahama kundi, kajivua gamba, aliyekuwa akiimba matusi sasa anaimba mapenzi ya heshima, naye kajivua. Huko "ji" inakaa vizuri kwa sababu msanii kweli hujibadilisha mwenyewe, hangoji kikao. Mhariri wako anakumbuka kurasa hizo, na kwa kijana wa singeli ungeandika hivyo ukaletewa soda. Baadhi yao ukiwaita nyoka wanalichapa neno hilo kifuani mwa fulana.

Taarabu ya Tanga ni habari nyingine. Huu ni mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, mji ambao sauti ya Shakila Saidi ilipita kwenye madirisha yake. Wazee wa fani hii neno hulipima kabla ya kulitoa. Na hata likishatoka kwa mwimbaji bado halijamaliza safari. Mwimbaji anaimba fumbo, hamtaji mtu. Kwenye viti mwanamke mmoja anainuka na noti mkononi. Haendi moja kwa moja jukwaani. Anazunguka polepole, anapita mbele ya mtu fulani, anasimama pale kidogo akiyumba na ubeti, ananyoosha mkono kana kwamba anarekebisha mtandio, ndipo anapanda kumtunza mwimbaji kwa ile noti. Ukumbi wote umeshajua wimbo ni wa nani. Mwimbaji hajasema kitu, mtunzaji hajasema kitu. Kelly Askew, mtafiti wa Kimarekani aliyekaa Tanga miaka ya 1990 na kupanda jukwaani na vikundi vyetu, aliona kwamba kutunza huko ndiko kunakokamilisha maana ya wimbo, na sisi tuliozaliwa nako tulikuwa hatujaona haja ya kuandika.

Mama huyo amezeekea katika ukumbi wa namna hiyo. Gazeti lako alilisoma kama anavyosikiliza wimbo: hili fumbo limetoka kwa nani, na noti imesimama mbele ya nani? Umeniambia nusu ya waimbaji ni wapya. Maana yake nusu ya zamani wametoka. Basi rudi kwenye lile swali la mwaka 2011, gamba ni nani? Sare haziwezi kupiga simu. Akodiani haiwezi kununa. Gamba katika habari yako ni wale wanawake walioondoka, na wako hai, wanakaa mitaa ile ile, wanakutana na wenzao visimani, sokoni na kwenye shughuli za harusi. Labda mmoja kaondoka kwa sababu ya ndoa, mwingine kwa sababu ya magoti. Wewe umewaambia kwa herufi kubwa kwamba walikuwa ngozi kuukuu iliyosubiri kubanduliwa.

Ndiyo maana nadhani aliposema "umetuita nyoka" alikupunguzia. Nyoka ndilo alilokuwa na uwezo wa kulisema kwenye simu. Nina hakika kabla hajakupigia wewe, yeye alishapigiwa na wengine, na si ajabu mmoja alimuuliza, "Mwenzangu, kumbe mimi ni gamba?"

Kuhusu mhariri: kwamba magazeti yote huandika ni ushahidi kwamba neno linapita, si ushahidi kwamba linafaa hapa. Na kwa Tanga hatuna kisingizio cha ugeni kwenye kazi hii. Gazeti la Kiswahili lilikuwa likichapwa hapa mjini, Kiongozi, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani, tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipolizima. Mji huu umesoma magazeti kabla mhariri wako na mimi hatujafikiriwa. Wasomaji wake wanajua kusoma katikati ya mistari. Wamefundishwa na taarabu.

Gamba na kujigamba si ndugu, jina limegongana tu. Gamba la samaki ni nomino. Kujigamba kunatokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kusema, ambacho Waganda na Wahaya bado wanacho hadi leo: kwao kugamba ni kusema tu, bila majivuno. Sisi tukakibakiza kwenye kujisema, ndipo tukapata majigambo, ile sanaa ya mtu kusimama mbele ya watu akajitaja matendo yake. Ukimkuta mtu anayesema mwenye majigambo mengi ana magamba mengi, mwambie amechekesha, asiandike.

Sasa la kufanya. Toleo lijalo weka mistari michache, ukurasa ule ule, usiifiche chini ya matangazo ya viwanja: "Katika habari yetu kuhusu kikundi cha taarabu cha Makorora tulitumia maneno 'chajivua gamba'. Tulichotaka kusema ni kwamba kikundi kimebadili sare, kimeanza kutumia kinanda cha umeme na kimepokea waimbaji wapya. Waimbaji waliokitumikia kabla yao ndio waliokifikisha hapa." Usiandike "endapo kuna aliyekwazika". Aliyekwazika unamjua, una namba yake.

Ukiulizwa na mhariri ungeandika nini badala yake, mwambie habari yenyewe ilikuwa na kichwa chake na hamkukiona: akodiani yapumzika, kinanda chaingia. Hakuna mnyama, hakuna aliyetupwa, na anayejua taarabu atataka kusoma kwa nini akodiani ipumzike, maana hilo ni jambo la kugombana kistaarabu hadi usiku wa manane. Mimi mwenyewe nina la kusema juu yake, ila si leo.

Kabla gazeti halijatoka, nenda kwa huyo mama kwa miguu yako. Usiende peke yako, mchukue bibi, wazee husikilizana. Na mkipitia Deep Sea kununua kitoweo cha kumpelekea, jikague shingoni kabla hujabisha hodi.